Kiwiko kinauma, lakini wapi hasa?

Kunja kidogo mkono unaouma, uulaze mezani, kiganja kitazame juu. Sasa chukua kidole kimoja cha mkono wa pili utafute mahali penyewe panapouma. Kidole kimoja, si kiganja kizima. Mtu akiulizwa anaumwa wapi, mara nyingi hukikumbatia kiwiko chote na kusema "hapa hapa", na matibabu huanza kupotea njia hapo hapo.

Kiwiko kina pande nne. Kiganja kikiwa kimetazama juu, upande wa kidole gumba ndio wa nje na upande wa kidole cha mwisho ndio wa ndani. Ncha ya mfupa unayoegemea mezani ndiyo nyuma, na pale panapochomwa sindano ya kutoa damu ndiyo mbele. Kila upande una maradhi yake. Kano iliyochoka, yaani ule uzi mgumu unaoufunga msuli kwenye mfupa, inataka mazoezi ya uzito, mshipa wa fahamu uliobanwa unataka kiwiko kiachwe kimenyooka, na kiungo kilichoingia usaha kinataka hospitali leo hii. Ukivichanganya hivi utakuwa unachua mahali pasipotakiwa kuguswa, au unapumzisha mkono unaohitaji kazi.

Tuanze na yale ya leo hii, kwa sababu hayasubiri mtu amalize kusoma. Kiwiko kikivimba ghafla, kikawa cha moto, ukashindwa kukikunja wala kukinyoosha hata kidogo, na mwili ukawa na homa, hesabu kwamba ni maambukizi ndani ya kiungo mpaka daktari athibitishe vingine. Vijidudu huweza kula gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa, ndani ya siku chache tu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo amini joto unalolihisi kwa mgongo wa kiganja kuliko macho. Linganisha kiwiko kimoja na kingine. Nenda haraka pia ikiwa kiwiko kimebadilika umbo baada ya kuanguka, au vidole vimekuwa baridi, vimepauka au vimekufa ganzi. Na maumivu ya mkono yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho jembamba na kukosa pumzi hayahusu kiwiko kabisa. Hayo ni ya moyo.

Upande wa nje, wenye wagonjwa wengi

Pembeni mwa kiwiko, upande wa nje, kuna kinundu cha mfupa. Kidole chako kikigonga hapo, au kidogo mbele yake, na ukaruka, basi pengine una kile kinachoitwa kiwiko cha tenisi. Jina hili limewapoteza wengi, maana wagonjwa wengi wa tatizo hili hawajawahi kushika raketi. Ni mafundi wa seremala na rangi, wapishi, washonaji, wanaofua kwa mikono, wanaoshinda kwenye kompyuta. Huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 35 na 55.

Mtu hujiuliza: kwa nini kushika kikombe tu kuniumize nje ya kiwiko? Kunja ngumi sasa hivi, taratibu, huku ukitazama kifundo cha mkono. Utaona kiganja kinajivuta nyuma kidogo chenyewe. Misuli ya juu ya kigasha, yaani sehemu kati ya kiwiko na kifundo, inalazimika kukaza ili vidole vipate nguvu ya kubana. Sehemu kubwa ya misuli hiyo inaanzia kwenye kano moja nene iliyobandikwa kwenye kile kinundu cha nje. Kwa hiyo kila unaposhika, kubana, kukamua au kuzungusha bisibisi, kano hiyo inavutwa, hata kama hudhani unaitumia.

Kano yenye tatizo hili ikitazamwa kwa hadubini, kinachoonekana zaidi si uvimbe wa moto kama wa jipu. Ni nyuzi zilizopoteza mpangilio, mfano wa kamba iliyoanza kufumuka, na vimishipa vidogo vya damu vimeota pasipostahili. Jambo hili lina uzito mkubwa katika tiba. Dawa ya kupunguza uvimbe hutuliza maumivu lakini haisuki upya kamba iliyofumuka. Kinachoifanya kano ijipange upya ni kuvutwa kwa kipimo, polepole, mara kwa mara, kwa wiki nyingi.

Ili kujihakikishia, nyoosha kiwiko mbele yako, kiganja kitazame chini, kunja ngumi. Kwa mkono wa pili sukuma ngumi hiyo kuelekea chini huku wewe ukiikatalia. Maumivu yakichoma pale pale kwenye kinundu, jibu umelipata. Njia nyingine ni kuinua kiti chepesi kwa kukishika mgongo, kiwiko kimenyooka na kiganja kikitazama chini. Mwenye tatizo hili hukiachia mara moja. Picha ya eksirei hapa kwa kawaida haionyeshi kitu, wala haihitajiki ikiwa hukuanguka.

Sasa tiba. Hatua ya kwanza ni kupunguza mzigo, si kuusimamisha mkono. Ukiufunga mkono kwenye kitambaa kwa wiki tatu, kano inadhoofika zaidi na kiwiko kinakakamaa. Badala yake badilisha namna ya kubeba: kiganja kitazame juu, kiwiko kikae karibu na mbavu. Kopo lililobebwa hivyo halitakuumiza kama lile lililonyakuliwa kwa juu, mkono umenyooka. Mpini mwembamba unaokulazimisha kubana sana uviringie kitambaa uwe mnene. Kipanya cha kompyuta kisogeze karibu mpaka kiwiko kiegemee meza.

Hatua ya pili ndiyo tiba yenyewe. Ikiwa maumivu ni makali, anza na kukaza bila kusogeza: kigasha kiwe mezani, kiganja chini, mkono wa pili ukandamize mgongo wa kiganja, nawe usukume juu bila kiganja kuondoka mahali pake. Shikilia sekunde 30 hadi 45, pumzika dakika moja, rudia mara 5. Wengi hupata nafuu ya muda papo hapo. Fanya hivyo wiki moja au mbili.

Kisha ingia kwenye uzito. Chupa ya maji ya nusu lita inatosha, kwani ikijaa ina uzito wa nusu kilo hivi. Kaa kando ya meza, laza kigasha chote juu yake, kiganja kitazame chini na kining'inie nje ya ukingo kikiwa kimeshika chupa. Kwa mkono wa pili inua kiganja mpaka juu. Uondoe mkono huo. Halafu shusha chupa polepole ukihesabu moja, mbili, tatu, nne, mpaka kiganja kifike chini kabisa. Usiipandishe kwa mkono mgonjwa, ipandishe tena kwa msaada wa ule mzima. Mara 10, pumzika dakika moja, rudia mpaka mizunguko 3. Mara moja kwa siku. Ukiweza mizunguko 3 ya mara 15 kwa siku tatu mfululizo bila shida, ongeza robo kilo. Mchanga ndani ya chupa una uzito kuliko maji. Baada ya wiki nne au tano anza kuipandisha chupa kwa mkono mgonjwa wenyewe, pia polepole.

Maumivu kiasi wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Yapime kwa kumi: sifuri ni hakuna, kumi ni yasiyovumilika. Hadi 4 endelea. Kipimo chenye maana zaidi ni asubuhi inayofuata. Kiwiko kikiamka vibaya kuliko asubuhi iliyotangulia, punguza uzito nusu, lakini usiache.

Makosa yanayoharibu zoezi hili ni yale yale kila mara. Mtu anashusha kwa sekunde moja badala ya nne, na hapo kano haipati kazi iliyokusudiwa. Au anabana chupa kwa nguvu zote kana kwamba itaibiwa. Au anafanya mara tatu kwa siku akidhani atapona mara tatu upesi, wakati kano huhitaji saa nyingi za kujijenga baada ya kuvutwa. Kosa kubwa kuliko yote hutokea wiki ya tatu: maumivu yanapungua, mtu anaacha, anarudi kwenye kazi yote kwa siku moja, na wiki ya tano yuko pale pale alipoanzia. Zoezi hili linataka wiki 6 hadi 12. Kano ina damu kidogo, haiponi kwa kasi ya msuli.

Mkanda wa kiwiko unasaidia ukivaliwa sawasawa, na wengi huuvaa vibaya. Hauvaliwi juu ya kinundu kinachouma. Shuka upana wa vidole viwili chini yake kuelekea kiganjani, mpaka kwenye nyama ya msuli inayotuna unapokunja ngumi, ukaze hapo kiasi kwamba kidole kimoja bado kinapenya chini yake. Vaa wakati wa kazi, vua wakati wa kulala. Vidole vikianza kufa ganzi, umekaza mno.

Sindano ya steroidi

Steroidi ni dawa kali ya kupunguza uvimbe. Hapa nasema bila kuzunguka, kwa sababu ni sindano inayotolewa kwa wepesi mno. Ndiyo, inaondoa maumivu. Ndani ya wiki moja au mbili mgonjwa anaona kama muujiza, na mpaka wiki ya sita hivi bado yuko mbele ya wenzake wanaofanya mazoezi. Lakini tafiti zilizowafuatilia wagonjwa wa kiwiko cha tenisi kwa mwaka mzima zilionyesha kinyume: waliochomwa walirudiwa na maumivu zaidi na matokeo yao yalikuwa duni kuliko ya wale ambao hawakuchomwa. Sindano inaweza pia kuacha ngozi imepauka na nyama imebonyea pale ilipoingia, na kwa mwenye kisukari hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Ukiambiwa uchomwe, uliza hali yako inatarajiwa kuwaje baada ya mwaka, si baada ya wiki mbili. Kurudia sindano ya pili na ya tatu mahali pale pale ni jambo la kulikataa.

Sindano za damu ya mgonjwa mwenyewe iliyochujwa na matibabu ya mawimbi ya mshtuko yanayopigwa kwa mashine juu ya ngozi zipo, na ushahidi wake unapingana. Upasuaji hubaki kwa wachache ambao miezi 6 hadi 12 ya mazoezi yaliyofanywa kweli haikuwasaidia. Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja, na neno hili lisikuvunje moyo: mwaka haumaanishi mwaka wa maumivu makali, maana nafuu huanza mapema na kukua polepole.

Upande wa ndani, na vidole vinavyokufa ganzi

Kinundu cha ndani nacho kina kano yake, ya misuli inayokunja kiganja kuja mbele. Wanaopiga nyundo, wanaorusha na wanaovuta kamba huumia hapo. Kipimo ni kukunja kifundo kuja juu, kiganja kikitazama juu, huku mkono wa pili ukizuia. Mazoezi ni yale yale ya chupa, ila kiganja kitazame juu.

Tofauti kubwa ya upande huu ni jirani yake. Nyuma tu ya kinundu cha ndani kuna mfereji mwembamba, na ndani yake unapita mshipa wa fahamu wa kidole cha mwisho. Ndio ule unaopiga shoti ukigonga kiwiko kwenye ukingo wa mlango. Kwa hiyo usichue hapo kwa nguvu, wala usifunge bandeji ya kukaza.

Mshipa huo ukibanwa, dalili haziko kwenye kiwiko peke yake. Kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete vinachomachoma na kufa ganzi, hasa usiku na wakati wa kushika simu sikioni. Sababu ni kwamba kiwiko kikikunjwa, mshipa unavutika na mfereji unafinyika. Wengi hulala wamekunja mkono chini ya mto, wakabaki hivyo kwa saa nyingi bila kujua.

Tiba ya usiku ni taulo. Likunje liwe refu, uliviringe kuzunguka kiwiko kilichonyooka, ulifunge kwa bandeji bila kukaza, ili ukijikunja usingizini taulo likuzuie kabla ya kufika nusu ya pembe mraba. Mchana usiegemee kiwiko mezani wala kwenye mkono wa kiti, na simu ihamie mkono mwingine au itumie spika. Vumilia wiki 6 hadi miezi mitatu.

Usisubiri hata hivyo ikiwa ganzi haiondoki mchana wala usiku, vitu vinakuponyoka, au nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada, upande wa mgongo wa kiganja, imeanza kubonyea. Shika karatasi kati ya vidole hivyo viwili, mwingine aivute: kidole gumba kikilazimika kukunja kifundo chake cha juu ili kuishikilia, msuli umeshaanza kulegea. Msuli uliokonda kwa kukosa mshipa hauhakikishiwi kurudi, hata baada ya upasuaji. Mahali ambapo ukoma bado upo, ganzi ya namna hii pamoja na baka la ngozi lisilohisi, au mshipa mnene unaopapaswa nyuma ya kiwiko, ipelekwe kituo cha afya mara moja. Mshipa huu ni miongoni mwa ile inayoshambuliwa sana na ukoma, na ukoma unatibika.

Ganzi ikiwa kwenye kidole gumba na cha shahada, kiwiko pengine hakina kosa. Angalia shingo: igeuze na kuielekeza upande unaouma. Maumivu yakishuka mkononi, chanzo kiko kwenye mishipa inayotoka shingoni, na kuchua kiwiko ni kupoteza mafuta.

Nyuma na mbele

Ncha ya nyuma ina kifuko kidogo cha majimaji chini ya ngozi. Ukiiegemea mno, au ukiigonga, kifuko hujaa na kuning'inia kama yai. Mara nyingi hakiumi sana, na kinanywea chenyewe kwa wiki kadhaa ukiweka sponji chini ya kiwiko na kuacha kukiegemea. Usikitoboe nyumbani. Sindano chafu hugeuza maji safi kuwa usaha, na hapo ndipo shida halisi inapoanzia. Kikiwa cha moto, kinauma na kuna mchubuko juu yake, kinahitaji daktari akinyonye kidogo, kipimwe, na pengine antibiotiki. Jongo nalo hupenda kukaa hapo.

Mbele kuna jambo moja la kulijua kwa haraka. Mtu wa miaka 40 na kuendelea, hasa mwanamume, ananyanyua kitu kizito, anasikia kama kitu kimekatika ndani ya kiwiko, kesho yake kuna michubuko ya zambarau na msuli wa juu umejikusanya kuelekea begani. Kano ya msuli huo imekatika. Maumivu hupungua baada ya siku chache na mtu hudhani amepona. Upasuaji wa kuirudisha huwa rahisi zaidi ndani ya wiki mbili tatu za mwanzo. Baadaye kano imejikunja na kushikamana huko ilikojificha.

Ukianguka ukijikinga kwa kiganja, jaribu kunyoosha kiwiko kabisa ukilinganisha na kile kizima. Kikifika mwisho sawasawa, mfupa uliovunjika si jambo la kutarajiwa sana. Kikigoma, pata picha. Mpasuko mdogo wa kichwa cha mfupa upande wa kidole gumba ni wa kawaida, na ukiwa haujahama hautaki kufungwa plasta ngumu kwa muda mrefu. Siku chache kwenye kitambaa cha shingoni, kisha kuanza kukunja na kunyoosha mapema. Kiwiko hukakamaa upesi kuliko viungo vingi.

Kiwiko kinachouma kote, pamoja na vidole au magoti, kikiamka kimekakamaa zaidi ya nusu saa kila asubuhi, kinaelekea baridi yabisi na kinahitaji vipimo vya damu.

Vidonge

Parasetamo ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24 kwa mtu mzima mwenye kilo 50 na zaidi, na chini ya hapo kwa mwenye ini bovu au mnywaji sana. Ibuprofeni miligramu 200 hadi 400 mara tatu kwa siku baada ya kula, kwa siku chache. Asiitumie bila ushauri mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, shinikizo la damu, pumu, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, wala mjamzito. Kosa linaloumiza figo na tumbo ni kumeza ibuprofeni na diklofenaki kwa pamoja kwa kudhani ni dawa mbili tofauti. Ni za ukoo mmoja. Jeli ya diklofenaki ya kupaka, kwa kiungo kilicho karibu na ngozi kama kiwiko, hutuliza vizuri na huingia damuni kidogo tu.

Ukienda kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, mwonyeshe kwa kidole kimoja. Mwambie yalianza lini, kazi gani inayaamsha, vidole gani vinakufa ganzi, na dawa gani umeshameza na kwa siku ngapi. Kama umefanya zoezi la chupa, mtajie uzito uliofikia na wiki ulizofanya, maana bila hivyo hawezi kujua kama mazoezi yameshindwa au hayajaanza.